Osob Alipotumwa Kuitazama Malindi

Osob binti Kulow hakuwa mtu wa kutajwa katika hotuba. Alisuka mikeka, alifukiza vyombo vya maziwa, alilea na alizika, kama wanawake wengine wa kwao. Lakini mpaka leo wako watu wazima Garissa ambao, wakisikia jamaa wanataka kuhamia mji wasioujua, huuliza kwanza ni nani aliyekwenda kuutazama. Wakijibiwa kwamba ni yule yule mwenye hamu ya kuhama, hutikisa kichwa na kumtaja Osob.

Ulikuwa mwaka wa 1966, na vita vya mashifta vilikuwa vimeingia mwaka wake wa tatu. Watu waliozoea kuifuata mvua walikuwa wamekusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na waya, nje kidogo ya mji. Kutoka kulitaka ruhusa, na kuchelewa kurudi jua likishatua kulikuwa ni kujitafutia risasi. Mifugo nayo ilifungiwa pamoja na wenyewe, mpaka nyasi za karibu zikaisha na udongo ukabaki uchi. Ngamia wa Qali, mama mkwe wa Osob, walimtoka mmoja mmoja. Alipokufa jike jeupe, ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho, Qali alimvua kengele yake ya mbao, akaitundika ndani ya nyumba upande wa kichwa chake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Osob. Kwa Wasomali wa porini nyumba ni ya mwanamke: huisuka na mama yake kabla ya kuolewa, huisimamisha yeye, huivunja yeye na kuipakia yeye juu ya ngamia, na mume hulala ndani yake kama mtu aliyekaribishwa vizuri. Nguzo za nyumba ya Osob zilikuwa za mizizi ya mgunga, zilizopindwa zingali mbichi zikawa kama pinde. Mikeka yake mitatu mikubwa ilikuwa kazi ya mikono ya marehemu mama yake. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umeipaka rangi ya kahawa, na Osob akiwa na huzuni alikuwa na tabia ya kuinusa kwa siri, kama mtoto anayenusa shuka ya mamaye.

Mumewe, Keinan, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja. Alipeleka unga na sukari Wajir, na mara nyingine mpaka Diff, karibu kabisa na mpaka. Mwaka ule mabomu yalianza kufukiwa barabarani. Lori la Duale, rafiki yake tangu wakiwa makuli, lilirushwa hewani mchana kweupe, na kilichorudishwa Garissa kilifungwa ndani ya turubai. Keinan alimzika rafikiye, akakaa matanga, kisha akarudi kwenye usukani. Osob alipomuuliza barabara ikoje, alimjibu kwamba ina vumbi.

Kazi ya Malindi ilimjia kwa bahati. Akiwa njiani kutoka Hola alilikuta gari la Mzungu mmoja, mama wa makamo, limezimika na mwenyewe ameketi juu ya jiwe akijipepea kwa kofia. Keinan alifungua, akasafisha, akapuliza, na gari likawaka. Mama yule alikuwa na hoteli Malindi, mahali ambapo Wazungu huja kupumzika kando ya bahari. Alimwambia kwamba anatafuta dereva wa kuwapokea wageni uwanja wa ndege na kuwazungusha mpaka magofu ya Gedi, na kwamba kazi ina chumba na chakula. Safari iliyofuata Keinan alipata nafasi ya kufika Malindi mwenyewe, akapaona, na akarudi kijijini akiwa na uso wa mtu aliyeota ndoto njema.

Alasiri ile walikaa mbele ya nyumba: Keinan na Osob, binti yao Amino, Qali, na Ogle, kaka yake Qali. Ogle alikuwa mzee mwenye ulimi mkali, na mguu wake mmoja haukukunjika tangu alipoangukia kisimani. Katika ujana wake ndiye aliyekuwa akitumwa mbele ya jamaa kwenda kutazama malisho. Kazi hiyo huitwa sahan, na hakuna nyumba iliyovunjwa kabla ya sahan kurudi na kusema alichokiona.

Keinan aliwaeleza habari za minazi, upepo wa bahari na barabara ya lami ambayo mtu angeweza kulala katikati yake bila hofu. Qali alimwacha amalize, kisha akamuuliza maji ya huko yana ladha gani.

"Matamu, hooyo," Keinan alimjibu mama yake.

"Uliyanywa kabla ya kula au baada?"

Keinan alifikiri. Kwa kweli, alisema, alikunywa soda.

Ogle alicheka mpaka akakohoa. Qali hakucheka. Aliuliza alilala wapi, akajibiwa ndani ya lori. Aliuliza jirani wa Osob atakuwa nani, na nyumba itasimama wapi, na Keinan akasema kuna chumba, hoteli ina vyumba, mambo hayo yatajulikana wakifika.

"Mwanangu," alisema Qali, "mwenye hamu ya kuhama hatumwi sahan. Macho yako yamekwisha kuhamia huko, yanaingoja miguu tu."

Ikabaki kujulikana ni nani aende. Ogle na mguu wake hakuweza. Mwanamume mwingine yeyote wa umri wa kutembea, akikutwa barabarani, alikuwa shifta mpaka athibitishe kwamba siye. Ndipo Qali akasema aende Osob. Alikuwa na mama yake mdogo Malindi, Muslimo, aliyeolewa huko zamani na mchuuzi wa ng'ombe, na mwanamke anayekwenda kumjulia hali mzazi wake hakunyimwa ruhusa.

"Huyu?" alisema Ogle. "Huyu hataki kuhama hata kutoka juani kwenda kivulini. Atarudi atuambie bahari imekauka."

"Nyumba ni ya nani?" Qali alimuuliza.

Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu.

"Basi aende mwenye nyumba," alisema Qali. "Asiyetaka kuhama akipasifu mahali, nitaamini."

Alichosema Ogle kilikuwa kweli, na Osob alikijua. Hakutaka kwenda. Kaburi la mama yake lilikuwa Garissa, na la mtoto wake wa kwanza pia. Moyoni aliona kwamba amepewa njia rahisi: ataupata ubaya, maana hakuna mji usio na ubaya, ataurudisha kijijini kama kuni mgongoni, na habari za Malindi zitaishia hapo. Kwamba Keinan ataendelea kwenda Wajir hakukufikiria sana. Wajir alikuwa akienda siku zote.

Ogle alimfundisha kazi kama alivyofundishwa yeye. Asiwaulize wenyeji kama nchi yao ni nzuri, kwa sababu hakuna mtu atakayekwambia kwamba mama yake ana chongo. Aonje maji tumbo likiwa tupu. Atazame mavi ya mbuzi, kwa kuwa mbuzi hajui kusingizia. Alale chini, asilale kitandani. Arudi na kiasi cha kujaza kiganja cha kile alichokikuta huko, amekifunga katika ncha ya shuka. Na akirudi, aseme ubaya kwanza.

"Na kama hakuna uzuri wa kusema baada ya huo ubaya?" Osob alimuuliza.

"Usiutengeneze. Wala usiufiche uliopo," alisema mzee. "Sahan akidanganya, watoto hufa njiani."

Osob alisafiri na msafara wa malori uliolindwa na askari, yeye na wanawake wengine wakiwa nyuma chini ya turubai. Hakuona kitu isipokuwa vumbi na magoti ya wenzake. Waliposhushwa Malindi alisimama kando ya barabara akihisi kwamba ardhi bado inatikisika.

Muslimo alimpokea kwa kilio na mzaha pamoja. Alikuwa amenenepa, Kiswahili chake kimekuwa cha Malindi kabisa, lakini bado alifukiza vyombo vyake vya maziwa kwa makaa ya mti wenye harufu, na Osob akakiinua kimoja, akakinusa. Mume wa Muslimo alikuwa amefariki, na mwanawe alihamia Mombasa na mkewe. Alibaki na mbuzi wake na nyumba ya mawe yenye ua mkubwa nyuma.

"Umekuja kunitazama mimi au kutazama nyasi?" alimuuliza Osob, alipomwona asubuhi ameinama juu ya mavi ya mbuzi.

"Vyote viwili, habaryar," Osob alimwambia mama yake mdogo. "Mbuzi wako hawana njaa."

"Hawana njaa kwa sababu wanakula mpaka kanga zangu. Hilo nalo kawaambie."

Siku ile ya kwanza Osob alifanya kazi kama alivyofundishwa. Alionja maji ya kisima kabla ya chai na akayakuta yana chumvi kwa mbali. Alitembea nje ya mji akivunja vijiti na kuvitafuna, akitafuta miti ambayo ngamia huipenda. Alitazama mashamba ya mihogo na kuona kwamba hakuna pa kupitisha kundi. Aliwaona wanawake wa Kigiriama waliovaa hando, sketi zao fupi za marinda, wakibeba nazi, na akakadiria kwa macho njia yao ya kwenda sokoni ina upana gani, kama mnyama aliyepakiwa mzigo angepishana nao.

Kisha alishuka pwani. Bahari ilimshangaza kwa rangi yake. Alikuwa ameambiwa kwamba ni ya buluu, lakini kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha bara, mto Sabaki ulikuwa umemwaga udongo wake humo, na maji yalikuwa mekundu kama ya Tana. Osob alifarijika kuyaona, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Mchangani walikuwa wamelala Wazungu wengi, nusu uchi, wengine wamegeuzwa chali na wengine kifudifudi, ngozi zao zikiwa nyekundu. Alidhani ni wagonjwa, na kwamba mahali hapo ni pa kuwaanika. Alimuuliza Muslimo kwa sauti ya chini wanaumwa nini.

"Baridi ya kwao," alisema Muslimo. "Wanalipa ili waungue."

Osob aliinama, akachota maji ya bahari, akayalamba. Chumvi ilimpanda mpaka puani, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Ngamia asipopata chumvi hunyauka. Jamaa zake walikuwa wakitembea siku nyingi kutafuta ardhi yenye magadi, na hapa palikuwa na chumvi isiyo na mwisho, isiyo na mwenyewe. Alianza kuhesabu moyoni jinsi jike jeupe la Qali lingeshuka hapa, lingesimama maji yakiligusa magoti, na jinsi upele wake ungepona.

Hapo ndipo alipokumbuka. Alikaa juu ya mchanga, mbali na wale Wazungu, akajifunika uso kwa shuka. Siku nzima alikuwa amewatafutia malisho ngamia waliokwisha kufa.

Muslimo aliketi karibu naye. Osob akamwambia: alikuwa amepima nyasi, maji na njia, na hakuna hata kimoja alichopima kwa ajili ya mtu aliye hai. Kesho, alisema, angeitazama hoteli.

Mama mwenye hoteli alikuwa mtu wa maneno mengi na Kiswahili cha kuagiza vitu. Alimsifu Keinan, akamtembeza Osob mpaka nyuma ya jiko alikoonyesha chumba cha dereva. Kilikuwa chumba safi cha sementi, chenye kitanda cha chuma, dirisha moja, na mlango unaotazamana na mapipa ya taka. Osob alisimama katikati yake na kunyoosha mikono. Alifikiria nguzo zake zilizopindwa zikiwa zimelazwa chini ya kitanda kile, na Qali akitundika kengele kwenye msumari.

"Mimi iko na nyumba yangu," Osob alimwambia, kwa Kiswahili chake cha sokoni Garissa. "Nataka bahali ya kuweka."

Alipoeleweshwa na Muslimo kwamba nyumba yenyewe hupakiwa na kusimamishwa popote, yule mama alipiga makofi. Aliwaongoza mpaka mbele ya hoteli, kwenye bustani ya majani mafupi mabichi, akaonyesha kwa mkono wote. Hapa, alisema. Isimame hapa, karibu na njia, na Osob akae mlangoni na mikeka yake, amevaa nguo zake za kwao, wageni wapate kuiona na kuipiga picha. Angemlipa kwa kazi hiyo kama anavyomlipa dereva.

Muslimo alitafsiri, ingawa haikuwa lazima. Osob alizitazama zile nyasi. Zilikuwa nyasi nzuri kuliko zote alizoziona Malindi, na hakuna mnyama aliyeruhusiwa kuzila.

"Nyumba yangu si bicha," alisema. "Ni ya kulala watu."

Mama mwenye hoteli hakukasirika. Aliinua mabega akasema basi kuna chumba, na dereva anamtaka kabla ya wageni wa Desemba.

Waliporudi nyumbani kwa Muslimo, Osob alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa amepata alichokuja kutafuta. Angesema: hakuna mahali pa nyumba. Lingekuwa neno la kweli, na Ogle mwenyewe asingekuwa na la kuuliza. Alianza kufunga shuka yake.

Muslimo alikuwa akikamua mbuzi. Bila kugeuka alisema, "Na huu ua wangu umeuona?"

Osob alikaza fundo la shuka.

"Nauliza kwa sababu umetazama mavi yote yaliyomo, lakini ua wenyewe hukuutazama. Ni mtupu. Mwanangu harudi, na mimi usiku nazungumza na mbuzi. Kutoka hapa mpaka hoteli ni mwendo wa mtu kumaliza kutafuna tende. Leta nyumba yako. Mlete na huyo mkwe wako mkali, tutagombana kwa Kisomali, nimeikosa raha hiyo."

Osob alimshukuru, akasema ataufikisha ujumbe. Lakini aliupima ua ule kwa miguu, akachota udongo wake kwa kusitasita, akaufunga katika ncha ya shuka, na njia nzima mpaka kituo cha malori aliuhisi unamgonga pajani. Muslimo hakuwa mtu wa kufika Garissa. Kama Osob asingeutaja ua ule, usingejulikana na mtu. Angeweza kuutikisa ule udongo njiani na kuchota mwingine popote.

Wakati wa kurudi, nyuma ya lori palikuwa pamejaa magunia, kwa hiyo alikalishwa mbele, karibu na dereva, mzee wa Kipokomo aliyemfahamu Keinan, mpole na mkimya. Walipopita Hola na kuanza kuikaribia Garissa, dereva alisimamisha lori. Alichukua kamba, akaufungua mlango wa upande wake mpaka mwisho, akaufunga kwa nje usirudi. Kisha akaondoa lori, mguu mmoja ukiwa juu ya mafuta na mwingine ukining'inia hewani.

Osob alimuuliza kama mlango umeharibika.

"Mzima," alisema yule mzee. "Ni wa kurukia. Likilipuka mbele, mwenye bahati hutupwa nje."

Macho yake hayakutoka barabarani. Kila palipokuwa na udongo mpya, au alama ya gurudumu iliyofutwa, mwili wake wote ulivutika kuelekea ule mlango. Osob alimuuliza kama madereva wote huendesha hivyo.

"Wote, mama. Hata mumeo. Huyo huufunga wake wazi kuanzia hapo mjini Garissa."

Basi ndiyo sababu bega la kulia la Keinan lilikuwa limechomwa na jua kuliko la kushoto. Osob alikuwa amelikanda bega lile kwa samli usiku mwingi, akimtania kwamba analala upande mmoja kama fisi, na yeye alicheka naye. Barabara ina vumbi, alimwambia. Osob alishika ncha ya shuka yake kwa mikono miwili, akaishika hivyo mpaka Garissa.

Walimpokea mbele ya nyumba yake, saa ambayo jua limeanza kulegea. Safari hii hawakuwa wale wachache tu. Majirani walikuwa wamekuja, kwa sababu mwanamke aliyetumwa sahan lilikuwa jambo la kutazamwa. Keinan alikaa pembeni, akichora mchanga kwa kijiti. Ogle alimuuliza kwa desturi kama ni amani, naye akajibu kwamba ni amani, kisha akasema ubaya kwanza.

Alisema maji yana chumvi kwa mbali. Upepo unalowesha nguo usiku, na mifupa ya wazee itaulalamikia. Malisho ya kundi hakuna, na mtu anayefikiri kuwa na ngamia tena asiende. Katika hoteli hunywewa pombe mchana. Chumba cha dereva kinatazama taka, na mwenye hoteli alitaka kuinunua nyumba yake kwa macho. Kila aliposema neno watu waliguna, na Ogle alikuwa tayari ametabasamu, kwa sababu aliona kwamba alitabiri sawasawa. Keinan alivunja kijiti chake.

Osob akafungua ncha ya shuka na kumimina udongo kwenye kiganja cha Ogle.

"Huu ni udongo wa ua wa Muslimo," alisema. "Nyumba yangu itasimama juu yake. Nimeupima kwa miguu, mlango utaelekea kibla. Wanawake wa mtaa ule walinisalimu kabla sijawasalimu. Msikiti uko karibu, na chuo cha Kurani cha Amino kipo. Na dereva wa huko huendesha gari mlango wake umefungwa."

Keinan aliinua kichwa. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu kifo cha Duale, Keinan ndiye aliyeinamisha macho.

Ogle aliunusa ule udongo, akauweka kidogo kwenye ulimi, akatema. "Mbuzi wake wanakula vizuri," alisema, na lile tabasamu lilikuwa limeondoka.

Qali aliegemea mbele. "Na wewe, Osob, unataka kuhama?"

"Sitaki, eddo," Osob alimwambia mama mkwe wake. "Makaburi yangu yako hapa. Sitaki hata kidogo. Ndiyo maana niaminini."

Wanaokumbuka husema kwamba aliyejibu alikuwa Ogle. Mzee alijiinua kwa fimbo yake, mguu wake mgumu ukiwa mbele, akamwambia dada yake kwamba yeye amekwenda sahan maisha yake yote, na kila mara alipoisifu nchi alikuwa ameipenda. Hakuwahi kuisifu nchi aliyoichukia. Kisha akamwita Osob kwa jina ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kuitwa pale: alimwita sahan.

Ruhusa ya kuhama ilichukua muda, lakini ilitoka. Asubuhi ya kuondoka, wanawake wa kijiji kile walikuja bila kuitwa. Tangu walipoingizwa ndani ya waya hakuna nyumba iliyokuwa imepakiwa, na mikono yao ilikuwa na njaa ya kazi hiyo. Waliivunja nyumba ya Osob, wakafunga nguzo kwa nguzo na mikeka kwa mikeka, na kwa kuwa hapakuwa na ngamia waliipakia juu ya lori, pinde zikiwa zimesimama pande mbili kama zinavyosimama juu ya mgongo wa mnyama. Waliimba nyimbo za kupakia. Qali aliinuka kutoka penye majivu ya meko, akapanda mbele ya lori, akatundika kengele ya jike jeupe mahali palipokuwa na kioo cha kutazamia nyuma.

Kwenye kizuizi askari kijana alilizunguka lile lori mara mbili, akigonga nguzo kwa kitako cha bunduki.

"Hii ni kitu gani?" aliuliza.

"Nyumba," alisema Osob.

"Ya nani?"

"Yangu."

Askari alitazama juu tena, kisha chini kwa yule mwanamke mwembamba aliyesimama wima mbele yake. Akainua mti wa kizuizi. Lori lilipopita, kengele ililia, na wanawake waliokuwa nyuma ya waya walipiga vigelegele mpaka vumbi likatulia.

Ile nyumba ilisimama katika ua wa Muslimo miaka mingi. Qali na Muslimo waligombana kwa Kisomali kila siku, na mauti yalipowatenganisha aliyebaki aliomboleza. Osob alifundisha kusuka, kwanza Amino, kisha mabinti wa mtaa, na vita vilipokwisha jamaa wengine wa Garissa walimtuma aende akawatazamie miji mingine. Alikwenda, na mara zote alisema ubaya kwanza. Kila mwaka alirudi kwao kuyafagia makaburi yake, akikaa hapo muda mrefu kuliko walivyomtarajia.

Mama mwenye hoteli aliomba sana aione nyumba yenyewe. Osob alimkaribisha kama mgeni, bila picha. Mlango wa nyumba ile ni mfupi, hakuna anayeingia akiwa wima. Yule mama alivua kofia yake, akainama, akaingia kwa magoti, akapewa maziwa yenye harufu ya moshi, akanywa.

Lakini Osob mwenyewe alipoulizwa ni lini alijua kwamba amefanya vema, hakutaja siku aliyoitwa sahan. Alisema ni asubuhi ya kwanza ya kazi. Alikuwa amelala juu ya mkeka wa mama yake, upepo wa bahari ukigusa nguzo, na nje alimsikia Keinan akipanda gari la hoteli. Alingoja. Kisha akausikia mlango ukifungwa.